Sidi Waliyosema Imetoka Nairobi

Pikipiki ilikuwa imepinda kushoto mara tatu, na Kahambu akaanza kumshuku dereva. Alimwambia ampeleke Birere, mtaa wa soko, kwa fundi Jafari anayeuza sidi, si kumzungusha mji mzima. Miezi mitano alikuwa amekaa kambini Kibati pamoja na wakimbizi wengine wa vita, na Goma aliijua kwa mbali tu, kama mtu anavyomjua jirani asiyesalimiana naye. Sasa alikuwa katikati yake, kati ya marundo ya viatu na magunia ya sukari, na kila aliyemtazama alimwona kama mtu anayepima uzito wa kile alichokifunga kiunoni, ndani ya kitenge.

Alichofunga kilikuwa sidi mbili. Moja ilikuwa ya korali yao, waimbaji wa kanisa. Nyingine ilikuwa imeiba sauti ya korali yao.

Huko kwao Kiwanja, kabla ya vita kuwafukuza, Kahambu aliuza samaki wa ufuko wa Vitshumbi kwa miaka ishirini. Wachuuzi walimletea wa mahali pengine na kuapa kwamba wametoka Vitshumbi asubuhi ile. Yeye hakubishana. Alimgeuza samaki, akamtazama tumbo, akafungua shavu na kunusa moshi, kisha akamtajia mchuuzi jina la ufuko alikotoa mzigo. Sokoni walimwita Mama Geuza, na wengine walisema hata sadaka kanisani angeigeuza kwanza kabla ya kuitia kikapuni.

Korali ya parokia yao, Nyota ya Asubuhi, ilikuwa na desturi moja: sanduku la korali hulindwa na mama asiyeimba. Mwimbaji ana wivu wake, ana wimbo anaoupenda na mwingine anaouchukia. Asiyeimba hana upande. Kahambu hakuweza kushika sauti hata ya kubembeleza mtoto, kwa hiyo walimchagua bila mjadala. Ndani ya sanduku mlikuwa na sare, vitabu vya nyimbo na, tangu Julai ya 2008, ile waliyoiita sidi mama: nyimbo kumi zilizorekodiwa na Achille, fundi wa picha na sauti kutoka Goma. Vita vilipoingia Kiwanja aliacha samaki, akaacha godoro, akabeba sanduku kichwani.

Halafu, juma moja kabla ya safari hii ya Birere, mwimbaji mmoja alirudi kambini kutoka mjini na sidi aliyoikuta ikiuzwa Birere. Nyimbo zao kumi. Picha yao wenyewe imechapwa juu yake kwa rangi, wamevaa sare, wanacheka. Hakuna aliyewaomba ruhusa.

Achille, aliyekuja kupiga picha ubatizo kambini, aliishika mwangani na kutoa hukumu. Hii ni kazi ya kiwanda, alisema, tena ya Nairobi. Mtu alipeleka sidi mama huko wakaizalisha. Wote walimwamini, kwa sababu Kiwanja sidi za kunakiliwa huandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito, na hii ilikuwa na uso mweupe wenye picha. Sidi mama ilikuwa kwa nani? Kwa Kahambu. Na nani kati ya ndugu zake alifika Nairobi? Paul, mtoto wa dada yake, dereva wa lori, aliyelala kwake wiki nzima ule mwezi wa Agosti.

Sikuli, rais wa korali, hakumtukana. Alimwambia tu kwamba Jumapili atarudisha ufunguo wa sanduku, na kwamba haitakuwa vizuri Paul aonekane tena kambini. Baada ya hapo wanawake wa mahema ya jirani waliacha kumwomba chumvi. Kilichomuuma zaidi ni kwamba yeye mwenyewe alianza kuhesabu siku za Agosti, akijiuliza ni lini alitoka nyumbani na kumwacha Paul peke yake na sanduku.

Jumamosi ndiyo aliyopanda pikipiki.

Jafari alikuwa mtu wa makamo mwenye kofia ya kufuma, mwenye asili ya mji wa Kasongo, amekaa nyuma ya meza iliyojaa mashine za DVD zilizofunguliwa matumbo. Juu ya kichwa chake sidi zilining'inia kwenye kamba, na Kahambu akaziona nne za korali yake zikizunguka polepole. Alimsalimia, akaweka ile ya wizi mezani, akauliza kama imetoka kwake.

 Jafari aliuliza kwanza kama ametumwa na watu wa kodi, au na wale wengine wasiovaa sare. Kahambu akamweleza habari ya korali, kambi na ufunguo. Mtu huyo alisikiliza akimtazama viatu, maana viatu vya mpelelezi huwa havina vumbi la Kibati.

"Mama, mimi nauza vile batu bananiletea," alisema mwishoni. "Siulizake."

"Sikusema umeiba. Batu banasema weye unajua kusoma sidi. Nataka kujua tu hii sidi ilizaliwa wapi."

Jafari aliichukua na kuitazama picha, uso kwa uso na waimbaji wanaocheka.

"Unaangalia uso wa nini?" Kahambu akasema. "Geuza tuone tumbo."

Hapo Jafari akacheka, na kwa mara ya kwanza akamsogezea kiti.

Aliigeuza. Akachukua na sidi nyingine ya zamani kutoka kwenye rafu, akaziweka pamoja kwenye mwanga wa mlango. Ile ya zamani ilikuwa nyeupe chini, inang'aa kama sufuria mpya. Ya korali ilikuwa na rangi ya zambarau, kama petroli iliyomwagika juu ya maji. Akamweleza kwamba kiwandani nyimbo hugandamizwa kwenye sidi kwa muhuri, maelfu kwa siku, na tumbo hutoka jeupe. Yenye zambarau ilitoka kiwandani ikiwa tupu. Nyimbo zilitiwa baadaye, moja moja, kwa kompyuta. Watu wa Birere huita hiyo kugrave. Picha ya juu haisemi kitu, kuna mashine ndogo ya kuichapa.

Kwa hiyo si Nairobi. Kahambu alihisi mabega yakishuka, kisha akayapandisha tena. Kwa nini muuzaji wa mali ya wizi amfurahishe hivyo?

"Nitakuamini juu ya nini? Si weye njo unaiuza?"

"Usiniamini," Jafari akasema, na kumpa lenzi ya fundi wa saa. "Angalia pale karibu na tundu."

Kuzunguka tundu, kwenye pete isiyo na rangi, kulikuwa na maandishi madogo kuliko mayai ya samaki. Jafari alimsomesha. Herufi za mwanzo ni za kampuni iliyotengeneza sidi tupu, huko Taiwan. Namba zinazofuata ni za mzigo. Sidi zilizotoka katika mzigo mmoja hubeba mwanzo mmoja. Yeye huziandika katika daftari kila akipokea sanduku la sidi tupu kutoka Kampala, ili wakimletea mbovu ajue za kumrudishia nani. Akafungua daftari, akapitisha kidole chini ya mistari, na kidole kikasimama.

Alifunga daftari. Akaanza kusema habari ya umeme, jinsi ulivyokatika tangu Alhamisi.

Kahambu alikuwa ameona wachuuzi wengi wakianza kusema habari ya mvua baada ya yeye kufungua shavu la samaki.  Alikaa, akaweka mikono magotini, akangoja, na wateja wawili wakaja wakaondoka.

"Zilikuwa sanduku ine," Jafari akasema taratibu. "Zenye uso mweupe. Birere hakuna aliyezitaka, zinaomba mashine ya kuchapa. Zote zilichukuliwa na mutu moja."

"Mutu gani?"

"Nani alikwambia zimetoka Nairobi?"

"Achille."

Jafari alichukua lenzi, akaipangusa kwa shati. "Basi jina umelitaja weye mwenyewe. Mimi sikulisema."

Kahambu alikataa kwanza. Sidi mama haikutoka sandukuni hata siku moja, Achille angeipata wapi? Akaifungua kutoka kwenye kitambaa chake na kuiweka mezani kama ushahidi. Jafari hakuigusa. Aliuliza tu ilitengenezewa kwenye kompyuta ya nani, na kama baada ya kuwapa sidi hiyo Achille alifuta nyimbo zilizobaki ndani ya mashine.

Hakuna mtu wa korali aliyewahi kuwaza hivyo. Kwao, kilichofungiwa sandukuni kilikuwa sandukuni, kama vile samaki aliyenunuliwa hayuko tena kwa mvuvi. Miezi yote hiyo Kahambu alikuwa amelinda mlango wa nyumba isiyo na ukuta wa nyuma.

Akamwomba Jafari aje kambini, aseme mbele ya korali. Jafari alitikisa kichwa kabla hajamaliza. Achille hupiga picha karamu za makomanda, na katika miaka hii makomanda hubadili upande na sare, lakini hawabadili kumbukumbu. Jina la Jafari halitatajwa Kibati. Alichoweza kufanya ni kingine: alishusha kutoka kwenye rafu sidi ya harusi ya watu wa Goma, kazi ya Achille, yenye jina lake na namba yake ya simu vimechapwa juu.

"Soma weye mwenyewe," akasema.

Kahambu aliiweka lenzi jichoni. Alisoma pete ya sidi ya harusi, kisha ya ile ya wizi, herufi kwa herufi, kwa ukucha, akarudia tena kuanzia mwisho. Zilifanana zote, zikatofautiana namba nne za mwisho tu. Alimfikiria Paul, na mlo ambao hakumpa alipopita kambini Jumatano, akasikia haya usoni.

"Hiyo haiko kiapo mbele ya juge wa mahakama," Jafari akasema. "Lakini kwa korali itatosha."

Mazoezi yalikuwa saa tisa, na Achille alisema angekuja na kamera. Kahambu alifunga sidi tatu kiunoni, akaomba lenzi, na Jafari akamwachia kwa shida, kama mtu anayeazimisha jino. Mlangoni Kahambu akageuka.

"Papa Jafari, toa simu."

"Ya nini?"

"Nipe betri. Kesho Paul atakuletea, na lenzi."

Jafari alimtazama ajue kama anatania. Hakuwa anatania.

"Unanizania vibaya, mama."

"Sikujui. Ukiwa na betri, utafikiri: nimupigie Achille, nisimupigie. Ukikosa betri, hata yeye hatakuuliza juu ya nini hukumupigia."

Jafari alicheka kidogo, kisha akaacha kucheka, akaona kwamba hilo lilimfaa na yeye. Alifungua mgongo wa simu na kumwekea betri kiganjani. Kahambu aliigeuza, akaikagua pande zote mbili, akaifunga pamoja na sidi. Alisimamisha pikipiki, akamwonya dereva asipinde kushoto hata mara moja, akaondoka kuelekea Kibati bila kuangalia nyuma.

Jafari alibaki mlangoni na simu tupu mkononi. Baadaye alisimama juu ya kiti, akashusha zile sidi nne za korali kutoka kwenye kamba, moja baada ya nyingine.