Riwaya Iliyosomwa Kati ya Magodoro

Katika miaka ya themanini, mtu wa Mwingi akitafuta wimbo akaukosa, alielekezwa kwa Sauda. Duka lake lilikuwa chumba kimoja kando ya barabara ya Garissa. Ukuta mzima ulijaa kanda, na mezani palikaa redio kaseti ya deki mbili iliyotumia betri ya gari. Mume wake, Abdulatif, aliuza magodoro mlango wa pili. Sauda alizaliwa hapo hapo mjini. Babake alikuwa mtu wa Lamu aliyekuja kununua ngozi, akaoa, asirudi tena. Kwa hivyo binti alizungumza Kikamba na wateja, Kiswahili cha pwani na wazee wa nyumbani, na kile cha barabarani na madereva.

Wateja hawakuja na jina la wimbo. Walikuja na kipande tu. Mmoja angeimba nusu mstari na kueleza kwamba ni wa yule jamaa wa gitaa anayelia mkewe amerudi kwao. Sauda angefumba macho, amwambie aimbe tena, kisha apande kwenye stuli na kushuka na kanda. Kama hakuwa nayo, aliwatuma madereva wa malori. Waliokwenda Mombasa waliuliza kule, waliokwenda Nairobi vilevile, na siku moja wimbo ungefika umefungwa kwa gazeti, ukinuka unga au mbuzi kulingana na mzigo. Aliyemtegemea zaidi ni Yarow wa Garissa, aliyeshuka na mbuzi na kupanda na unga, na ambaye hangeweza kuendesha bila muziki.

Mwaka wa themanini na sita, Mwalimu Kavata aliingia dukani akiongozwa na dada yake. Alikuwa amefundisha nusu ya mji huo kusoma, Sauda akiwa mmoja wao. Presha ya macho ilikuwa imemzimia nuru yote. Madaktari wa hospitali ya Mutomo walijitahidi, kisha wakamwambia ukweli. Aliweka kitabu mezani. Ilikuwa riwaya ya mwanamke ambaye mumewe, gadi wa treni, alitoweka kazini, naye akaanza kumtafuta kituo hadi kituo kando ya reli. Ukurasa mmoja katikati ulikuwa umekunjwa pembe. Hapo ndipo macho yalipomwacha.

Dada yake hakujua kusoma. Wapwa zake walijua, lakini walisoma kama tangazo la mnada ili wamalize wakacheze.

"Wewe huwatafutia watu nyimbo," Kavata alisema. "Nitafutie mtu aliyesoma hiki ndani ya kanda."

Sauda alimwambia kwamba hajawahi kusikia kitabu ndani ya kanda.

"Hata mimi sijasikia," Kavata akajibu. "Ndiyo maana nimekuja kwako."

Habari zikatumwa barabarani kama kawaida. Vilivyorudi vilikuwa mahubiri, nyimbo za harusi, na michezo ya redio iliyorekodiwa sebuleni kwa mtu huku jogoo akiwika. Hatimaye Yarow alileta kanda ambayo mwuzaji wa Mombasa aliapa kwamba ni kitabu. Kavata akaitwa, akakaa, Sauda akabonyeza. Sauti nzito ya mwanamume ikaanza kueleza, kwa utulivu mkubwa, jinsi ya kufungua gia boksi ya lori. Kavata alisikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho. Halafu akasema kwamba jamaa anasoma vizuri, ila hamwoni yule mke popote. Yarow akaomba abaki na kanda hiyo.

Sauda alicheka na wengine, lakini jioni ile, akiwa anafunga duka, kile kitabu kilikuwa bado mezani na hakikumpa raha. Kama hakuna aliyekisoma, nani angekisoma? Akajaribu pale pale. Alipojisikiliza, alisikia honi, kondakta akiita watu wa Nairobi, na yeye mwenyewe kwa mbali kama mtu aliye ndani ya pipa. Abdulatif ndiye aliyempa dawa. Alisema kwamba katika stoo yake sauti huzama, hata akimwita mteja kutoka nyuma hasikiki. Basi Sauda akabeba redio, akapenya kati ya magodoro yaliyosimamishwa wima, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, maana aliona si vizuri kuanza hadithi katikati.

Kavata akaisikiliza kanda ya kwanza. "Unakimbia," akasema. "Nukta imewekwa upumue. Pumua, na mimi nipumue."

Akarudia. Safari hii alipumua, na alipofika mahali ambapo mke wa gadi anagombana na mwuza tiketi, akajikuta ameigiza sauti zote mbili. Mahali pengine kwenye kanda hiyo anacheka. Pengine mteja anasikika akiuliza bei ya godoro la futi nne kwa sita, na Abdulatif anamjibu kwa kunong'ona kama walio msikitini. Kavata hakutaka yafutwe. Alisema yanamwonyesha msomaji yuko wapi.

Sauda aliweka nakala moja kando, na siku yenye pilkapilka akamfungia Yarow nakala hiyo kwa makosa badala ya nyimbo alizoagiza. Lori lilipofika Garissa na kurudi, Yarow aliliacha likinguruma barabarani, mbuzi wakilia, akaingia dukani akiwa amekasirika kweli kweli.

"Yule mama alishuka Kibwezi au hakushuka?" akauliza.

Sauda akampa kanda iliyofuata. Kabla mwezi haujaisha, madereva ambao hawakuwahi kusimama Mwingi isipokuwa kwa chai walikuwa wanasimama kwa hadithi. Waliopanda walikutana na walioshuka, na aliyetangulia kusikia alikatazwa kusema neno. Sauda hakuwa amewaza kuhusu watu hawa hata kidogo. Alipokuwa anasoma alimwona Kavata tu mbele yake. Sasa, akifungua mdomo, aliona barabara nzima, na ilimfurahisha kuliko alivyotaka kukiri.

Alikuwa amejikataza kuchungulia mbele. Kwa hivyo ni alipofika sura ya mwisho ndipo alipogundua kwamba haipo. Kitabu kilikuwa kimekaa sakafuni kipindi chote Kavata alipokuwa hospitalini, na mchwa walikuwa wamekula kutoka nyuma, wakaacha jalada limesimama kama mlango wa nyumba iliyobomoka. Akakifunga, akaenda kumwambia mwalimu wake.

Kavata alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu. "Basi na wao wamejua mwisho," akasema. "Sisi tutafute."

Duka la vitabu la Kitui lilikuwa na vitabu vya shule tu. Nairobi waliambiwa riwaya hiyo haichapwi tena. Lakini safari hii madereva waliuliza kwa ajili yao wenyewe, na mmoja aliyekuwa akibeba machungwa kutoka Makueni alileta habari ya mama wa Mukuyuni aitwaye Ndululu. Aliuza mitumba sokoni, na kila mteja akiondoka, yeye hufungua kitabu. Kitabu chenyewe kilikuwa na picha ya treni.

Sauda alipanda basi akaenda mwenyewe. Alimkuta Ndululu, mwanamke mnene mchangamfu, amekaa juu ya furushi la makoti. Kitabu kilikuwa ndicho. Sauda akamweleza yote, kuanzia Kavata hadi mchwa, kisha akaomba kuazimwa.

"Vitabu siazimishi mtu," Ndululu akasema. "Vyote nilivyoazimisha havikurudi." Akakunja shati moja taratibu, akiwaza. "Lakini mimi mwenyewe naweza kuazimwa. Nirudishwe tu kabla ya siku ya soko."

Alifika Mwingi mchana, amekaa mbele katika lori la Yarow. Abdulatif alikuwa amelaza magodoro ya stoo na kuyafunika kwa karatasi za nailoni, akawakaribisha madereva wakae. Kavata alipewa lililo nene zaidi. Ndululu alisoma kwa lafudhi ya Makueni, taratibu, akiinua kichwa kama anayewaona wote wale katika hadithi. Mke wa gadi anafika kituo cha mwisho. Anamwona mumewe nyuma ya dirisha la tiketi, mzima wa afya, na jina jipya kifuani. Anamtazama mpaka treni ya kurudi inapoingia. Anapanda, hasemi neno. Hapo kitabu kikaisha.

Yarow alijifuta macho akisingizia vumbi la pamba. Kavata alikunja uso.

"Ametembea reli yote ile halafu ananyamaza?" akasema. "Mimi singenyamaza."

Ndululu akamwuliza angesema nini. Kavata akakaa sawa, na kwa sauti ile iliyokuwa ikifika hadi dawati la nyuma, akamwambia gadi yule kila kitu. Alimwambia kuhusu paa lililovuja, watoto waliouliza, na chakula alichomwekea jikoni akimngojea. Kisha akamdai tiketi ya kurudi, daraja la kwanza, na akaipata. Stoo nzima ikaangua kicheko. Redio bado ilikuwa inarekodi.

Sauda alitoa nakala za miisho yote miwili. Madereva waligawanyika, na mabishano yaliendelea miaka mingi kutoka Garissa hadi Mombasa. Walioachwa na wake zao walipenda mwisho wa kitabu. Wengine walikuwa wa Kavata. Ndululu alirudi tena baada ya miezi michache na riwaya nyingine kwenye mkoba, na baada ya hapo hakuna aliyehitaji kumwomba.

Kufikia miaka ya tisini, kanda za vitabu zilikuwa zimejaza ukuta wa pili, na stuli ya Sauda ilizidi kuchakaa. Lakini Kavata hakuwa anakuja kusikiliza tu. Alikuwa amezoea kuingia kati ya magodoro peke yake, dada yake akimngoja nje na chai, na kuisimulia redio hadithi ambazo hazikuwa katika kitabu chochote.