Nilimwambia Mama Sina Pesa, na Pesa Nilikuwa Nazo

Admin, nifiche jina na usiweke picha yoyote. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na saba, natoka Kilifi, nimeachika na nina binti mmoja. Nilifanya kazi za ndani Saudia miaka sita, Riyadh, mtaa wa Naseem. Najua kuna watakaonitukana hapa. Tukaneni, lakini someni mpaka mwisho.

Niliondoka wakati ule mawakala walikuwa wakizunguka kila mtaa kutafuta wasichana. Mshahara ulikuwa riyali mia tisa. Mwaka wa kwanza nilituma wote kwa kaka yangu mkubwa, maana ndiye aliyebaki nyumbani na mama na mtoto wangu. Sikujibakishia hata ya sabuni. Nilikuwa naoga kwa sabuni ya unga ya kufulia mpaka ngozi ikawa inachubuka. Kila mwezi kulikuwa na jambo, mara paa linavuja, mara karo, mara mbegu. Halafu mama akaanza kuugua. Mara tatu kaka alinipigia, "Mama hali mbaya, ongea naye mwenyewe," nami nikamsikia mama akigumia kwenye simu, "Mwanangu, nakufa." Mara zote tatu nilimwomba madam, bosi wangu, anipe mshahara wa mwezi uliokuwa haujafika.

Siku moja simu ya kaka ikapokewa na binti yangu. Alikuwa na miaka kumi.

"Bibi ameamkaje?" nikamuuliza.

"Bibi ameenda harusini."

"Si alikuwa amelazwa?"

"Hajalazwa. Mama, mimi siendi shule wiki ya tatu sasa. Mwalimu anataka karo."

"Na pesa niliyotuma?"

"Mjomba amenunua pikipiki."

Mama aliporudi nikampigia. Hakukana. Alisema, "Sasa kaka yako angetoa wapi pesa ya pikipiki? Wewe huko unakula bure, unalala bure." Ndivyo alivyoniambia mzazi wangu.

Kulikuwa na mama mmoja aliyekuwa akimshonea madam abaya. Wazazi wake walitoka Unguja zamani, yeye kazaliwa huko huko Saudia, na ndiye mtu pekee niliyekuwa nikisema naye Kiswahili. Nikamlilia. Akaniuliza, "Kwenu wanajua unalipwa kiasi gani?" Nikamwambia wanajua. "Basi hapo ndipo ulipokosea, mwanangu. Weka kwanza, kinachobakia ndo upeleke. Na mshahara wako asiujue mtu."

Nikawaambia nyumbani kwamba nimepunguziwa, napata mia nne tu. Mia mbili nikaanza kuzipeleka shuleni moja kwa moja, mia mbili zikaenda kwa mama. Mia tano nilimwachia madam aniwekee. Aliziandika kwenye daftari na mimi nikatia sahihi kila mwezi. Sikununua simu mpya. Sikununua bando ila Ijumaa. Nguo alizotupa madam nilizikata nikazishona upya. Nilijinyima kwa hasira, na hasira ile ilinisaidia kuliko ushauri wowote.

Mwaka wa nne, Ramadhani, familia ilienda Jeddah kwa mama yake madam, mtaa wa Hamra. Nilikuwa jikoni nakaanga sambusa za futari kaka alipopiga.

"Mama ana sukari. Kidonda cha mguu kimeoza. Hospitali wanataka shilingi elfu themanini, la sivyo mguu unakatwa."

Nilicheka. Kweli kabisa, nilicheka. Nikamwambia, "Mpe simu." Safari hii mama hakugumia. Alisema polepole, "Mwanangu, naumwa."

Nikamjibu, "Sina, mama. Mafi, hakuna. Halas, basi." Nikakata, nikazuia namba yao. Kwa madam nilikuwa na zaidi ya riyali elfu kumi na tano, mara kadhaa ya pesa waliyoitaka hospitali.

Wiki mbili baadaye binti yangu alinitumia picha kwa simu ya jirani. Mguu wa mama ulikuwa umekatwa chini ya goti. Niliiangalia ile picha chooni, nikanawa uso, nikarudi kuosha vyombo. Sikurudi nyumbani. Nilimaliza miaka miwili iliyobaki, madam akanilipa akiba yangu yote, nikanunua kiwanja Mtwapa na kujenga vyumba vitano vya kupangisha. Mwanangu anasoma kwa kodi hiyo.

Kaka alipoviona aliniuliza mbele ya watu, "Siku ile ulikuwa na ngapi?" Sikumficha. Sasa ameita wajomba. Anataka vyumba viwili viandikwe jina lake, kwa sababu yeye ndiye amekuwa akimbeba mama mpaka chooni miaka yote hii. Nilimjibu auze pikipiki. Wajomba wakasema nina roho ya jiwe.

Nilimfuata mama, nikamwambia aje akae kwangu, nimlipie dawa na mtu wa kumsaidia. Hakuniangalia. Alisema, "Zile mara tatu nilidanganya. Ya nne nilisema kweli, ukanicheka." Akamwambia mjukuu amgeuzie kiti.

Wajomba wamenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nisipotoa vyumba, nisikanyage kwao, hata mama akifa.

Msiniambie nisamehe, neno hilo nimelisikia linatosha. Kumpa kaka ni kumlipa mwizi aliyenifanya nisimwamini mama yangu. Kutompa ni kumwacha mama mikononi mwake. Nimeshindwa kuchagua. Kwa mlio na wazazi kama wangu, ingekuwa ni nyinyi mngefanyaje?