Mishono ya Uzi Mweusi

Thérèse alikuwa fundi cherehani tangu Lubumbashi, na tuseme ukweli, alijijua. Miaka kumi na tisa alishonea kibarazani mtaa wa Troyeville, ugenini, vumbi puani, mguu wa kulia umevimba kwa kukanyaga pedali. Daktari alishamwambia mguu ule hautavumilia mwaka mwingine. Basi Mayasa, jirani yake kutoka Tanga, aliyefanya usafi kwenye makumbusho moja mjini, alipomtafutia kazi huko ya kushona mifuko ya kuhifadhia nguo za kale, Thérèse alilia mbele za watu. Miezi mitatu ya majaribio, kisha ajira ya kudumu.

Wiki ya mwisho ya majaribio akaletewa gauni la enzi za Malkia Viktoria. Hariri ya kijani iliyokoza, kiuno chembamba kama cha nyigu. Kazi yake ilikuwa kulijaza karatasi laini lisikunjike, alivishe mfuko, basi. Lakini alipoligeuza ndani akaona mtu amefumua mishono ya fundi mbavuni na kupachika viraka kwa uzi mweusi, mishono mirefu iliyokwenda kombo.

Mkono ukamwasha. Huko alikofundishwa, nguo haitoki mezani kwa fundi ikiwa na aibu, hata kama aibu si yake, maana watu huangalia nani aliishika mwisho. Hakuuliza mtu. Alifumua uzi mweusi wote, akatoa viraka, akarudisha mshono kwenye alama zake za awali, mdogo, umenyooka, kazi ya kuvuliwa kofia. Uzi na viraka akavitupa. Jioni hiyo taka zikazolewa.

Asubuhi Bi Naidoo, msimamizi wa nguo, akaligeuza gauni. Akakaa chini.

"Nani amegusa hapa?"

"Mimi, Madame. Lilishonwa vibaya sana. Nimelitengeneza."

Bi Naidoo hakupiga kelele, na afadhali angepiga. Alieleza polepole kwamba magauni ya hariri wanayo tele. Hili lilipokelewa kwa sababu ya mishono ile: mwenyewe, mke wa mchimba dhahabu, alilipanua kwa mkono wake mimba ilipokua, akafa akijifungua. Hakuacha barua wala picha.

Thérèse alizaa wanne, wa kwanza Shekinah; alijua kushona ukiwa na mimba, mgongo unauma, sindano haina subira. Aliona aibu ya kweli sasa, na haikuwa ya mshono.

"Matundu ya sindano bado yapo, Madame. Nitarudisha vilevile. Hakuna atakayejua."

"Utakuwa mkono wako, Thérèse. Wake umekwisha."

Mayasa alimkuta kwenye ngazi.

"Eish, Mama Shekinah! Si ungeniuliza hata mimi?"

"Niulize nini, Mayasa? Mi niliona kazi mubaya, nikatengeneza. Njo ile kazi yenye ninajua."

Mayasa akaenda kumwombea kwa Bi Naidoo, bila mafanikio. Ajira haikuja. Kabla ya kuondoka Thérèse aliitwa ajaze kadi ya kumbukumbu ya gauni, kwa kuwa kila badiliko huandikwa na aliyelifanya. Akaandika kwamba mishono ya mwenye gauni imeondolewa, tarehe, na jina lake kamili. Kisha akauliza aandike wapi kwamba anaomba msamaha.

Bi Naidoo akaitazama kadi, mbele na nyuma.

"Hakuna sehemu ya hilo," akasema.