Jino la Mwanangu Kwenye Asidi

Ati jino la utotoni litupwe juu ya paa, panya alete jipya. Mimi niliona ni ujinga mtupu. Mwanangu alilia, sikujali. Nikalifunga jino lake kwenye karatasi nikaenda nalo kazini, maabara ya kule mjini Posta. Mkemia gani anatupa apatiti ya bure?

Apatiti ndiyo madini yanayojenga meno na mifupa. Kwa miezi kadhaa nilikuwa naitengeneza mwenyewe maabara: nasaga unga wa njano wa risasi, ile metali ya kwenye betri za gari, nauchanganya na kalisi na fosfeti, nachoma kwenye tanuri, halafu naipiga eksirei. Mistari kwenye filamu ilionyesha risasi imekalia kiti cha kalisi, imestarehe kabisa. Basi nilivyojivuna! Sasa nilitaka jino safi, lisilo na risasi, la kulinganishia.

Nikayeyusha kipande kwenye asidi, nikatia dawa ya kijani ambayo ikikuta risasi hugeuka nyekundu. Ikageuka.

"Vyombo vichafu hivyo, ndugu," mwenzangu wa maabara akanituliza. Kesho yake akaniletea chupa mpya na jino la binti yake. La binti yake dawa ikabaki kijani. La mwanangu, nyekundu tena.

Nikaanza kuunganisha mambo ya mwanangu. Yale maumivu ya tumbo, midomo kupauka, mwalimu kulalamika kwamba mtoto anasahau hata alichokijua mwaka jana. Na mimi, jamani, nampa dawa ya minyoo!

Nikatoka mbio hadi nyumbani Kariakoo nikijua mchawi ni nani. Mpangaji mwenzetu mmoja, mzee wa makamo, alikuwa fundi betri Buguruni, kutwa anayeyusha risasi. Nilimkuta uani anakunywa chai. Hata shikamoo sikumpa.

"Marahaba," akajibu kwa kejeli.

"Unamuua mwanangu na risasi zako!"

Wanawake waliokuwa wanapika wakaacha miiko. Mzee akaweka kikombe chini.

"Mama, umewahi kuniona hapa na nguo za kazi? Naziacha kule kule gereji. Naoga kule kule, kwa maji ya kununua. Fundi aliyenifunza alinizaba kofi siku niliyotaka kurudi nazo nyumbani. Alisema unga ule unamaliza watoto." Akanitazama kuanzia juu hadi chini. "Wewe za kwako unavulia wapi?"

Nilikuwa nimevaa koti la maabara, mikono yake ina vumbi la njano. Sabuni siku zile ilikuwa ya foleni. Koti nililivaa wiki nzima, nikapikia humo, nikamlaza mwanangu kifuani humo humo. Loo, mimi! Digrii yangu yote ile, na anayenifundisha ni mzee aliyekuwa bado anakwenda kisomo cha watu wazima. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Ndipo mwanangu akaingia kutoka kucheza. Kuniona tu, akanijia mbio, mikono ameitanua.

"Usiniguse!" nikapiga kelele.

Akasimama pale pale.

"Mama, kwani nimefanya nini?"