Mwalimu Anaponuniwa na Mkewe

Jirani yangu, mwalimu wa Kiingereza, akinuniwa na mkewe huja barazani kwangu kunieleza asili ya maneno. Hufuta miwani kwa pindo la shati, kisha hupaza sauti ifike jikoni kwake. Jana alikuwa amesahau kumpokea mama mkwe stendi, akaanza na “worship”, yaani kuabudu: zamani, alisema, lilihusu kutambua thamani ya mtu. Jikoni sufuria zikagongana. “Devotion”, yaani kujitoa kwa moyo wote, nalo limetokana na kuweka nadhiri. Sufuria zikazidi. Akasogeza kiti hadi ukuta wa upande wa jikoni kwake.

“Na ‘adore’, kupenda mno, jirani, asili yake kwa Kilatini ni kumsemesha mtu, kumwomba!”

“Kwani uliyemkosea ni jirani, mume wangu?” mkewe akauliza.

Mwalimu akavaa miwani juu chini, akaenda kuomba radhi kwa Kiswahili.