Nilimwapia Mwenye Nyumba Kwamba Mbwa Wangu Haingii Ndani

Nianze na hili, msije mkanionea huruma bure: mbwa hakukosa. Aliyekosa ni mimi, mtu mzima mwenye akili zangu, ninayekwenda kanisani kila Jumapili na kukaa benchi la mbele.

Nimechoka kulibeba jambo hili. Jina langu siliweki, mniwie radhi. Aibu niliyo nayo yatosha.

Mimi ni mtu wa bara. Nilikuja Mombasa kufanya kazi katika ofisi ya mizigo huko Mbaraki, nikabahatika kupata nyumba Kizingo, ya zamani, ina ua na miti, na fenicha zote zimo ndani. Si hizi za siku hizi za kuchubuka. Makochi ya mbao nzito yenye matakia ya mahameli, kabati la vyombo la vioo, na zulia ambalo marehemu mume wa mwenye nyumba alirudi nalo kutoka Makka.

Mwenye nyumba ni mjane. Hapa nitamwita Bi Zuhura. Mumewe alipofariki, upweke ulimshinda, akahamia kwa binti yake Mji wa Kale, nyumba yake akanipangisha mimi.

Siku ya kunikabidhi funguo alinipa sharti moja tu. Nilimwambia nataka kufuga mbwa kwa ajili ya wezi. Akafikiri kidogo.

"Mbwa ni wa uani, mwanangu. Ulinzi ni haki yako. Lakini ndani asiingie. Miye huja hapa, na huswali hapa. Wanifahamu?"

"Nimekufahamu, Mama."

Na kweli nilikuwa nimefahamu. Sikuwa mgeni wa jana hapa pwani. Nilijua kwamba mate ya mbwa kwao ni najisi, na kitu alichokilamba hakiswaliwi juu yake mpaka kioshwe kwa utaratibu wake. Hapo sina pa kujitetea.

Nisipowaeleza Bi Zuhura alikuwa nani kwangu, hamtajua nimepoteza nini. Mamangu mzazi alifariki nikiwa bado shule. Hapa Mombasa sina shangazi wala binamu. Nilipofanyiwa upasuaji, ni yeye aliyekuwa akipanda tuktuk kila asubuhi na chupa ya uji, ananikalisha kitandani, ananilisha kwa kijiko huku ananigombeza. "Fungua kanwa. Wanionea haya miye?" Majirani wakiuliza, aliwaambia mimi ni mpangaji kwenye karatasi tu.

Sasa huyo mbwa. Nilimchukua akiwa wa kutia kikapuni, nikamwita Sajini nikitumai atakuwa mkali. Akakua akawa kama ndama, na ukali hana hata wa kumfukuza paka. Anampenda kila mtu. Msoma mita ya maji akija, Sajini humwekea miguu miwili mabegani na kumlamba masikio. Mwizi angekuja, nina hakika angemshikia tochi.

Na nguvu zile, jamani. Mkia wake ukipiga ndoo, ndoo inakwenda. Mimi narudi kazini miguu imevimba, nataka kuketi tu, yeye anataka turuke.

Kosa lilianza na masika. Jumamosi moja mchana radi zilipiga, Sajini akawa analia kama mtoto na kukwaruza mlango wa jikoni. Nikamfungulia. Nikajiambia ataishia jikoni, sakafu nitapiga deki. Mvua ilipokatika alikuwa kalala kwenye kochi kubwa, kichwa juu ya takia la mahameli, anakoroma.

Ningemtoa pale pale, mambo yangeishia hapo. Badala yake nikaketi kando yake, akaniwekea kichwa mapajani. Nitasema ukweli wangu: nilikuwa mpweke. Nyumba ile ni kubwa na jioni ni ndefu ukiwa peke yako. Ilikuwa raha kuwa na kiumbe chenye joto karibu nami.

Basi akajua njia. Akajifunza kushusha kitasa cha mlango wa jikoni kwa guu. Mimi nikawa na kazi mbili, ya ofisini na ya kuficha. Kikombe akikiangusha kwa mkia, naokota vipande na kuzunguka madukani nitafute kinachofanana nacho. Matakia nikayageuza upande usiotafunwa. Manyoya nilifagia kabla ya kazi, na nikirudi nafagia tena. Nikaanza kufukiza udi nyumba nzima, hata jirani mmoja akaniuliza kama nimeposwa.

Kuficha kunachosha, nyie. Kunachosha kuliko hata huyo mbwa.

Kisha ukaja mswala. Bi Zuhura alikuwa akiuacha katika chumba kidogo cha upande, umekunjwa juu ya kiti. Siku moja nikarudi nikakuta Sajini ameuburura hadi sebuleni, ameulalia, na pembe nzima imelowa mate. Nikaufua kwa sabuni ya unga, nikauanika, nikaukunja, nikaurudisha mahali pake. Ulinukia vizuri. Nikajidanganya kwamba safi ni safi.

Wiki hiyo hiyo Bi Zuhura akaja na mahamri ya moto kwenye bakuli. Akaketi, akapitisha mkono kwenye kochi, akainua unyoya mmoja kwa vidole viwili. Hakukasirika. Aliuliza taratibu tu.

"Mwanangu, mbwa aliingia?"

"Hapana, Mama. Manyoya yake huletwa na upepo."

"Nambia kweli. Kama aliingia, hapana neno kubwa. Ina namna yake, tutaosha, yatakwisha. Miye nataka kujua tu, niswali moyo wangu umetulia."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Niliogopa kuambiwa nihame. Niliogopa zaidi kuuona uso wake ukibadilika. Nikasema, "Wallahi, Mama, hajaingia."

Mimi, mtu wa kanisa, nikaazima kiapo chake ili aniamini upesi.

Akanitazama, kisha akasema, "Basi. Madhali umeapa, nimeamini." Alasiri ilikuwa imeingia, akaenda kutawadha. Mimi nilikuwa jikoni nikamwona kupitia mlangoni, paji lake la uso liko juu ya mswala ule ule. Nikageuka nikaosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Aliswali hapo mara nyingi baada ya siku ile. Kila akiondoka nilisema wiki ijayo nitamwambia. Wiki ikija, naiahirisha.

Mwaka uliofuata mjukuu wake akaposwa. Wanawake wa upande wa mume walitakiwa waje kumwona msichana na kula pamoja. Nyumba ya Mji wa Kale ngazi zake ni nyembamba na zimesimama, na miongoni mwa wageni walikuwamo wazee wasioweza kupanda. Bi Zuhura akanijia anacheka. "Mwanangu, niazime sebule yangu."

Nikamwambia nyumba ni yake, aseme siku tu. Ningesema nini kingine? Nikasafisha mpaka mgongo ukakataa. Siku yenyewe nikamfunga Sajini nyuma ya nyumba kwa kamba mpya, nikampa mfupa mkubwa.

Wageni wakaja wananukia, wamependeza, wakaamkiana kwa heshima zote, masalkheri, habari za nyumbani, habari za watoto. Alasiri wakaswali, wengine juu ya zulia, na mama yake bwana harusi, kwa heshima, akatandikiwa mswala wa Bi Zuhura. Nilishika sinia la sambusa nikanyamaza. Hata hapo nilinyamaza.

Walipokuwa wanakunywa sharubati, nikasikia kitasa cha mlango wa jikoni kikishuka.

Sajini aliingia na kipande cha kamba shingoni. Maskini, hakuwahi kuona watu wengi namna ile kwa mpigo, furaha ikampanda. Mkia ukazoa bilauri kwenye meza ndogo. Wanawake wakainuka, wengine wakapanda viti. Akamwendea huyu, akamwendea yule, akaona hakuna wa kucheza naye. Ndipo akapanda kochi kubwa, akajizungusha, akalala, akaweka kichwa juu ya takia na kushusha pumzi ndefu.

Mbwa aliyeingia kwa bahati mbaya hutangatanga. Huyu alikwenda mahali pake. Hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Nikamvuta nikamtoa. Bi Zuhura akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Tangu lini?"

"Tangu masika, Mama."

"Masika ya mwaka jana?"

"Ndiyo."

"Na mswala wangu?"

Nikainamisha kichwa. Akaketi kwenye kigoda cha jikoni. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Na uliniapia."

Wageni walikuwa waungwana. Mama yake bwana harusi alisema hapana neno, haya hutokea, na posa haikuvunjika. Lakini waliondoka kabla ya chakula. Bi Zuhura aliwasindikiza hadi getini, akimwomba radhi kila mmoja kwa jina lake, kwa kosa ambalo si lake. Mimi nilikuwa dirishani nikimtazama. Sijawahi kujichukia vile.

Siku ya pili yake alikuja na binti yake, wamebeba udongo safi kwenye ndoo. Wakatoa uani kila kilichoweza kutoka, makochi, matakia, zulia, mswala. Wakaosha mara saba, moja kwa udongo, kama dini yao inavyosema. Nilitaka kushika brashi, akanizuia. "Weye teka maji." Nikateka maji kutwa nzima, na sikusemeshwa lolote zaidi.

Walipomaliza nilimpigia magoti. Akaniinua. Akasema amenisamehe, na kwamba mwalimu wa msikitini amemtuliza, aliyeswali bila kujua hana lawama. Nikaelewa lawama imebaki kwa nani. Kisha akayatazama makochi yanayokauka juani.

"Kochi kalilamba mbwa, nimeliosha. Weye uliniapia jina la Mola, wanitazama, mato yako yako kwenye mato yangu. Hilo nilioshe na nini?"

 

Hakunifukuza. Nilihama mwenyewe, kwa sababu sikuweza tena kuketi mle ndani. Sasa niko Mbaraki, vyumba viwili visivyo na fenicha yoyote, viti vya plastiki tu, na Sajini amekwisha kutafuna mguu wa kimoja. Watu wananishauri nimtoe. Siwezi. Kila nikirudi ananirukia kana kwamba nimetoka safari ya mbali, anachungulia nyuma yangu kuona kama nimekuja na mgeni. Siji na mtu.

Huwa nakwenda Mji wa Kale. Nabisha hodi chini, nasikia sauti ya Bi Zuhura juu, anacheka na wajukuu. Kicheko kinakatika. Mjukuu mmoja anashuka, binti mwenye adabu sana, ananiambia, "Nana amepumzika, shangazi." Saa nne za asubuhi. Namkabidhi matunda niliyobeba, naondoka. Kusamehewa nimesamehewa. Kukaribishwa ni jambo lingine.

Basi wewe unayesoma, una kitu unamficha mtu anayekupenda, nisikilize. Usingoje siku nzuri ya kusema, haiji. Usiape uongo, na kiapo cha imani ya mwenzako usikiguse kabisa. Mtu anayekuuliza kwa upole hakuja kukufukuza, amekuja kukaa nawe. Mjibu ukweli angali anauliza. Mimi leo ukweli ninao wote mdomoni, niko tayari kuusema kila siku, na hakuna anayeniuliza.