Gesi ya Jikoni Kwangu Iko Kwenye AC ya Gari la Shule

Admin, nifichie jina, majina ya watoto nimeyabadilisha, na mtaa usiutaje zaidi ya kusema ni Bunju, maana mume wangu na wateja wake wengi wanaufuata ukurasa huu.

Mimi ni mama wa miaka thelathini na moja, nina watoto wawili, nashona nguo nyumbani. Mume wangu ni fundi wa AC za magari, ana gereji yake kando ya barabara. Ni mtu mwema, sitaki mnitukanie. Hanywi, hapigi, na akirudi ananisaidia kumwogesha mdogo. Nasema mapema kwa sababu nawajua nyie, mtu akileta shida yake hapa mnaanza na "achana naye".

Ilianza na mtungi wa gesi wa nyumbani. Ulikuwa unaisha kabla ya wakati wake, nikamshuku wifi yangu tunayeishi naye kwamba anachemsha maharage mchana kutwa. Nikamnunia, nikamrudisha kwenye mkaa, tukawa tunasemeshana kwa mafumbo tu. Mume wangu alitusikia tukirushiana maneno na hakutia neno lake. Yeye ndiye aliyekuwa akijitolea kuupeleka mtungi kujazwa, nami namshukuru.

Siku moja nikampelekea chakula cha mchana gereji bila kumwambia. Nikakuta basi dogo la shule, lile anapanda binti yangu wa darasa la kwanza, limefunguliwa boneti. Mtungi wetu, wenye alama ya rangi ya kucha niliyoipaka mwenyewe, umepinduliwa kichwa chini na mpira wake umeingizwa kwenye mabomba ya AC. Niliweka chakula juu ya tairi nikaondoka bila hata kuaga.

Kwa wasiojua, AC ya gari ikishabadilishwa bomba, fundi anatakiwa kwanza anyonye hewa yote iliyomo kwa mashine, aangalie kama kuna panapovuja, ndipo ajaze gesi yake maalumu, ambayo hailipuki ovyo kama hii tunayopikia. Haya alinifundisha yeye mwenyewe tukiwa wachumba, akijisifia kazi yake. Sasa mashine ya kunyonya hewa imemfia, gesi maalumu imepanda bei, na ya jikoni inapoza kweli. Wateja wanamsifia kila kona.

Aliporudi nikamuuliza, "Baba Nadia, lile gari si la watoto?"

"Mafundi kibao wanafanya hivyo. Ushawahi kusikia gari limelipuka hapa Bunju?"

"Sijasikia. Ndiyo maana sitaki la kwanza liwe la mwanangu."

Akacheka. "Mbona nyie mnapikia ndani na hamuogopi? Gesi si ile ile?"

"Jikoni nikisikia harufu nafungua madirisha," nikamwambia. "Lile gari madirisha yanafungwa kwa sababu kuna AC."

Hapo kicheko kiliisha. Akasema kwa upole, "Mke wangu, nikimwita yule mzee mwenye gari nimwambie lete gari niitoe hiyo gesi, ataniuliza kwa nini. Nusu ya wateja wangu kaniletea yeye. Ukifungua mdomo umeifunga gereji." Akaniahidi kwamba gari likirudi kwa sevisi ataitoa kimya kimya na kuweka inayotakiwa. Halijarudi mpaka leo. Litarudi kwa lipi wakati linapoa?

Huyo mzee mwenye gari ana duka la vifaa vya ujenzi, mtu wa heshima zake. Nilikwenda dukani kwake nimeshajipanga kusema, nikamwamkia shikamoo. "Marahaba mwanangu," akaniitikia kwa furaha. "Mumeo ana mkono yule. Watoto siku hizi wanasinzia njia nzima kwa ubaridi." Nikaishia kununua misumari ambayo sina kazi nayo, na njiani nikalia kwa hasira hata sijui namkasirikia nani.

Tangu hapo nikawa situlii. Gari likipita asubuhi nasimama mlangoni, likichelewa mchana natoka mpaka barabarani na kuacha kitambaa kinaning'inia kwenye cherehani. Kuna siku nimeshona gauni la mteja, mikono yote miwili ya upande mmoja. Nimechoka, jamani, na naogopa.

Kisha nikamtoa Nadia kwenye lile gari. Nilimwambia dereva kwamba mtoto ana kikohozi, ubaridi unamdhuru, sasa nampeleka mwenyewe kwa bajaji. Mume wangu hakuniuliza sababu. Siku hizi yeye ndiye anayetoka mapema kututafutia hiyo bajaji. Nilidhani nitapata amani, lakini tukiwa njiani gari linatupita, wenzake wanampungia mkono nyuma ya vioo vilivyofungwa, naye anawapungia, mimi natazama pembeni.

Jana jirani yangu Mama Brayani, ambaye tunaazimana hadi chumvi, kaja kwangu anatabasamu. "Mama Nadia, nasikia Nadia kaacha gari la shule. Niombee basi kwa mzee, kile kiti apewe Brayani wangu. Mtoto jua linamchosha." Nikamwambia nitamjibu leo jioni. Mume wangu alikuwepo, akainuka akatoka nje.

Nikimwambia ukweli, kesho Bunju nzima itajua na mume wangu hatanisamehe. Nikikubali, nitakuwa nimempandisha mtoto wa mwenzangu mahali nilipomshusha wangu. Atakuja kabla ya magharibi. Ndugu zangu, msinihukumu kwanza, niambieni akibisha hodi nimjibu nini.